Kura ya Kumpumzisha Kristiana

Wakatoliki wa Matai wana utani wao kwa majirani zao wa Kanisa la Mkutano. Husema kwamba mchungaji wa Mkutano akimaliza sala, watu hawaitikii "Amina" mpaka kwanza aulizwe nani anaunga mkono hoja. Avelina, mke wa Leonardi, ameusikia utani huo tangu alipoolewa, na mpaka leo huucheka, maana hauna uongo mwingi ndani yake.

Kanisa lenyewe ni dogo. Lilianzishwa na wanaume wa Kifipa waliorudi kutoka migodi ya shaba ya Zambia, watu waliochoka kuamriwa na mnyapara wiki nzima halafu Jumapili waamriwe na mhubiri. Wakakubaliana kwamba kwao hapatakuwa na askofu. Mchungaji, awe mwanamume au mwanamke, huchaguliwa na washarika kwa muhula, na muhula ukiisha bila wao kumpenda, hufunga vyombo vyake akaenda. Kila usharika unajitawala wenyewe. Mara moja kwa mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, wajumbe hukutana mjini Sumbawanga kwenye Mkutano Mkuu, wakajadili mambo ya kanisa na mambo ya dunia, kisha wakarudi kila mtu kwao kujitawala.

Na kura zao hawazipigi kwa karatasi. Wazee wale wa mgodini wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo waliweka desturi ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Kila msharika hupewa haragwe moja na punje moja ya mahindi. Anakwenda nyuma ya pazia, anatumbukiza mbegu moja katika kibuyu na nyingine katika debe lenye kifuniko. Kinachohesabiwa ni kibuyu. Haragwe ni ndiyo, hindi ni hapana. Kilichobaki kwenye debe hutiwa jikoni bila kutazamwa, na wanawake wa jikoni hupika kande.

Avelina aliingia katika kanisa hilo kwa ndoa. Kwao walikuwa Wakatoliki wa kulima ulezi, watu wa heshima, na katika nyumba ya baba yake msichana alisema alipoulizwa, na hakuulizwa. Alikuwa bibi harusi bado kanga zake hazijapauka, siku usharika ulipojadili kama msichana mmoja aliyepata mimba afukuzwe kwaya. Baba mkwe wake alisimama akasema kwa ukali kwamba afukuzwe. Avelina akapewa mbegu zake kama watu wengine, akaingia nyuma ya pazia, akatia hindi. Mahindi yakashinda. Jioni ile alimpakulia baba mkwe ugali kwa adabu zote, amepiga goti, macho chini, huku moyo wake unacheza ngoma. Punje yake ilikuwa na uzito uleule wa haragwe la mzee! Kama kuna siku Avelina aliongoka, basi ni hiyo, wala si ile ya ubatizo.

Ndiyo maana alilipenda kanisa hili kuliko waliozaliwa ndani yake. Akawa mzee wa kanisa, akawa mjumbe, na hatimaye akachaguliwa mwenyekiti wa usharika. Mwenyekiti kwao hapigi kura wala hachangii hoja. Huita wasemaji, huwanyamazisha, hutangaza matokeo. Wazee wa mgodini walisema mwenyekiti ni mlango, na mlango haumpendelei anayeingia wala anayetoka. Avelina aliyashika maneno hayo kama katekisimu. Leonardi, mumewe, mtu wa maneno machache na mengi kati ya hayo ni ya mzaha, alikuwa akimwambia, "Mama Basil, hata nyumbani humu umekuwa mlango. Mtu akikuuliza chumvi imetosha, unasubiri wengi waseme."

Sasa, Kristiana alikuwa mjane wa makamo ya mama yake Avelina, msharika wa Mkutano tangu kuzaliwa, mwenye shamba lake mwenyewe njia ya kwenda Kasanga. Alikuwa mama mwenye ulimi. Akikuta umepanda vibaya atakwambia umepanda vibaya, hata kama shamba ni lako na yeye anapita tu. Shamba lake lilipakana na la Isdori, msharika mwenzake. Mwaka ule ng'ombe wa Isdori waliingia shambani kwa Kristiana wakakanyaga ntumba zake, yale matuta ya duara ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Kristiana alikwenda kwa Isdori akasema yote aliyokuwa nayo kifuani. Isdori akamjibu kwamba mwanamke mzee asiye na mume ana muda mwingi wa kuhesabu kwato. Kristiana akageuka kuondoka, akasema, "Haya, baba. Mungu anaona."

Wiki hiyohiyo, katikati ya masika, radi ilimpiga Christopha, mwana wa Isdori, akiwa chini ya mti na jembe mkononi. Hakuwahi hata kupiga ukelele. Alikuwa kijana wa kupendeza, ndio kwanza ameanza kujenga.

Msomaji asiyetoka Ufipa anaweza kudhani radi ni mambo ya mawingu. Hata Ufipa watu wamesoma, na mtoto wa darasa la tano atakueleza habari za umeme wa angani mpaka uchoke. Lakini msibani hakuna anayeuliza radi hutokea wapi. Huulizwa imetumwa na nani. Na kabla matanga hayajaanuliwa, ile "Mungu anaona" ilikuwa imekwisha zunguka Matai nzima, na kila ilipopita mdomo mmoja iliongezewa neno, mpaka ikawa Kristiana ameonekana akilinyooshea boma la Isdori kidole.

Watu waliacha kumwamkia. Mtoto wake wa pekee, Valerian, aliyekuwa na duka la nafaka karibu na stendi, akaanza kukaa dukani mchana kutwa bila mteja. Vijana wakasema waziwazi kwamba serikali ikishindwa kuwasaidia, watajisaidia wenyewe. Hapo ndipo Teodori, makamu mwenyekiti wa usharika, alipomfuata Avelina nyumbani.

"Mama Mwenyekiti, jambo hili likiendelea tutazika tena," alisema Teodori. "Nataka kuleta hoja Jumapili. Mama Kristiana apumzike."

"Apumzike maana yake nini?"

"Asije ibadani kwa muda. Asikae katika jumuiya. Siyo kutengwa, mama, mimi sijasema kutengwa. Kupumzishwa tu, roho za watu zipoe. Isdori anasema akimwona kanisani anashindwa hata kusali."

Avelina alimjua Kristiana. Ni Kristiana aliyemfundisha kufukia ntumba alipoolewa tu, maana kwao hawakulima hivyo, akimcheka na kumrekebisha. Alitaka kumwambia Teodori, "Toka na hoja yako." Badala yake alijiuliza kanuni inasemaje, na kanuni ilisema msharika yeyote ana haki ya kuleta hoja yoyote.

"Mimi ni mlango," alimjibu. "Lete hoja yako."

Siku hiyo ya Jumapili kanisa lilijaa. Kristiana alikaa mbele, mahali pake pa siku zote, amejifunga kitenge kipya. Teodori aliongea kwa upole mno, kama mtu anayemtetea. Isdori hakuongea, alilia tu, na kilio chake kilikuwa cha kweli na kilimaliza maneno ya wengi. Mchungaji Enock, kijana ambaye muhula wake ulikuwa unakaribia kuisha, alipoulizwa alisema yeye ni mtumishi wa Mkutano na atafuata Mkutano utakavyoongozwa. Kristiana alipopewa nafasi alisimama, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Nimewapikieni misibani kwenu. Kama ningekuwa na sumu mngekwisha siku nyingi." Akakaa. Watu hawakucheka.

Avelina kwenye kiti chake alikuwa na maneno mengi ya kumtetea. Aliyameza. Alijisemea kwamba penye wengi hapaharibiki neno, kwamba watu hawa anawajua, ni watu wa mahindi, ni walewale waliomwokoa yule msichana wa kwaya. Alisoma swali kwa sauti isiyo na upande: "Mama Kristiana apumzike?" Watu wakaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja.

Kibuyu kilipomiminwa mezani, maharage yalikuwa mengi kuliko mahindi. Si kwa mbali, lakini yalikuwa mengi. Avelina alitangaza. Kristiana alichukua kitabu chake cha nyimbo, akatoka kwa mlango mkubwa, na hakuna aliyejua kama inafaa kuimba.

Hayo ndiyo makosa ambayo watu wa Mkutano peke yao wangeweza kuyafanya. Kanisa lingine lingemtenga kwa amri ya mkubwa, na watu wangepata wa kumlaumu. Kanisa lingine lingekataa kwa amri ya mkubwa, na watu wangenung'unika wakatii. Hawa waliipeleka roho ya mtu kibuyuni wakaiuliza kama wanavyouliza rangi ya mabati, na wakatoka nje kwa amani wakisema utaratibu umefuatwa.

Kijiji kilisikia kwa namna yake. Kwamba ni kupumzishwa na siyo kutengwa, nani ana muda wa kupambanua? Kilichosikika ni kwamba hata kanisa lake limemkataa. Wale vijana waliokuwa wanasitasita sasa walikuwa na cheti. Wakaenda mchana kweupe wakang'oa mabati ya nyumba yake, wakavunja kihenge chake cha ulezi, na nafaka ikamwagika uani wakaikanyaga. Hawakumgusa mwenyewe. Mwenyekiti wa kitongoji alifika baadaye akasema amani idumishwe. Kristiana alifunga nguo zake katika kitenge kilekile cha Jumapili, akapanda basi la Sumbawanga kwa mtoto wa dada yake.

Avelina alikwenda jioni akaukuta ule ulezi mchanganyiko na udongo. Alichuchumaa akaanza kuuokota kwa kiganja, kazi isiyo na maana yoyote, mpaka Leonardi alipomfuata.

"Kanuni ilifuatwa," Avelina alimwambia mumewe, na sauti yake ilikuwa ya kuuliza.

Safari hii Leonardi hakuleta mzaha. "Ilifuatwa, Mama Basil. Mimi nilitia hindi. Nawe ulitia nini?"

Aliumia. Mwezi mzima alimkasirikia Leonardi kwa swali hilo, na alimkasirikia zaidi kwa sababu hakulirudia.

Mavuno yakaingia. Avelina akapanda basi kwenda Mkutano Mkuu, mjumbe wa Matai, na kabla ya kwenda ukumbini alimtafuta Kristiana. Alimkuta kwenye ghala la mfanyabiashara wa nafaka, amekaa chini na akina mama wengine, anapembua maharage yanayosubiri lori. Alikuwa amekonda. Avelina alipiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwenyekiti." Hakusema mwanangu. Aliendelea kupembua. "Shamba langu nani analima?"

"Hakuna, mama. Limelala."

"Basi mwakani litakuwa magugu matupu. Wewe huwezi kulima?"

"Watu watasema nimelichukua."

"Watu," alisema Kristiana.

Mkutano Mkuu wa mwaka ule ulikuwa na ajenda nzito, na mojawapo ilitoka Kamati ya Haki na Jamii: tamko la kanisa kuhusu wazee wanaosingiziwa uchawi. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja aitwaye Angela, mwanasheria wa mjini mwenye sauti ya kutuliza mtoto, alilisoma lote. Lilikuwa tamko zuri, haki ya Mungu. Lilisema mzee ni hazina. Lilisema radi, ugonjwa na kifo si ushahidi dhidi ya mtu. Liliwataka Wakristo wote nchini, na serikali, na vyombo vya habari, wasimame na wanyonge. Wajumbe kutoka Kaoze walipiga vigelegele. Maharage yalijaa kibuyu bila hindi hata moja, na Avelina alikuwa na haragwe lake humo, maana pale ukumbini yeye hakuwa mlango, alikuwa mjumbe kama wengine.

Ukumbi ulipotulia, alinyoosha mkono.

"Mama Mwenyekiti wa Kamati, tamko hili litafanya nini Matai?"

Angela alitabasamu. "Litapelekwa katika sharika zote, mama, lisomwe."

"Sisi Matai tumempumzisha mama mmoja kwa radi. Kwa kura. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye kiti. Amebomolewa nyumba, yuko hapa mjini, tukitoka nje naweza kuwaonyesha alipo. Tamko linaweza kumrudisha?"

Tabasamu la Angela liliondoka polepole, na Avelina aliona kwamba mama yule ameumia kweli.

"Dada yangu," Angela alisema, "unajua kanuni zetu. Mkutano Mkuu unashauri. Hauamrishi. Kila usharika unajitawala."

Avelina alijua, tena alijua kuliko wote. Miaka ya nyuma, Mkutano Mkuu ulipotaka kuwapangia Matai mchungaji, ni yeye aliyesimama katika ukumbi huohuo akasema kwa moto kwamba kila usharika unajitawala, na walimpigia makofi. Alikaa chini. Mkuki kwa nguruwe, alijisemea, na akaona aibu ambayo hajawahi kuiona.

Lakini kanuni hizohizo, ambazo alizijua kwa moyo, zilikuwa na kifungu kimoja kilichosahaulika. Kura iliyokwisha pigwa huweza kurudishwa, swali likaulizwa tena kwa maneno yaleyale. Ila anayeomba irudishwe sharti awe miongoni mwa walioshinda. Wazee wa mgodini walisema aliyeshindwa akiomba tena, hiyo ni kiu. Aliyeshinda akiomba tena, hiyo ni dhamiri. Maana yake ni kwamba mmoja wa wale waliotia haragwe alipaswa kusimama mbele ya Matai nzima na kutaja alichokifanya nyuma ya pazia. Tangu usharika uanzishwe hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

Aliporudi Matai alimwita Teodori, akamkabidhi ufunguo wa ofisi.

"Najiuzulu uenyekiti. Wewe ukalie kiti."

"Kwa nini, mama? Umekosewa na nani?"

"Nataka kusema. Kwenye kiti hairuhusiwi."

Teodori alipokea ufunguo bila kumtazama. Alikuwa ameona ulezi ule uani kama wengine, na tangu hapo hakuwa amepita tena njia ya Kasanga.

Jumapili iliyofuata Avelina alikaa kwenye benchi kati ya wanawake, na baada ya ibada akanyoosha mkono. Hakuhutubia. Alisema kwamba siku ile alinyamaza akidhani kunyamaza ni haki, kumbe alikuwa amempa kila mwenye hofu mahali pa kujifichia. Alisema Kristiana anapembua maharage ya watu Sumbawanga, katika umri ule, na sisi tumekaa hapa. Kisha akamgeukia Isdori. "Baba Christopha, mwanao sitamrudisha, wala hakuna mtu humu atakayemrudisha kwa kumwondoa mtu mwingine. Ningekuwa na uwezo ningefanya." Isdori aliinamisha kichwa. "Mimi siwezi kuomba kura irudishwe, kwa kuwa sikupiga. Naomba mmoja wenu aliyetia haragwe asimame."

Hakuna aliyesimama.

Nje pikipiki ilipita, ikapotelea njia ya sokoni. Mtoto mmoja alikohoa, mama yake akamfunika mdomo kwa kanga. Watu walitazama sakafu, wakatazama dari, wakatazama kila mahali isipokuwa pembeni yao. Teodori kwenye kiti alikuwa akilowa jasho, na Avelina alimhurumia, maana alimjua kuwa mtu wa haragwe na sasa alikuwa mlango. Alihesabu moyoni walio wema kati ya wale waliokaa, akaona ni wengi, na wema wote huo haukuweza kuinuka kwenye benchi. Wengi wape, hunena Waswahili. Hakuna methali iliyosema mmoja apewe nini.

Teodori alikohoa. "Kama hakuna, basi..."

"Yupo."

Sauti ilitoka nyuma, upande wa wanaume. Aliyesimama alikuwa Valerian.

Watu waligeuka, na mwanzoni hawakuelewa. Wengine walidhani anataka kumtetea mama yake, mwanamke mmoja hata akasema polepole, "Kaa, mwanangu, huruhusiwi." Valerian alishika mgongo wa benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Nilitia haragwe," alisema. "Mama alikuwa amekaa pale mbele. Mimi nikaingia nyuma ya pazia nikatia haragwe. Naomba kura irudishwe."

Kelele iliyotoka kanisani haikuwa ya hasira. Ilikuwa kama watu wote wamekumbushwa jambo kwa pamoja. Mwanamke mmoja alianza kulia. Halafu, kwa taratibu, mzee mmoja naye akainuka akasema, "Na mimi," na mwingine, na mwingine, mpaka Mchungaji Enock akasimama, uso umemwiva kwa aibu, akasema, "Na mimi." Kanuni ilihitaji mmoja tu.

Mbegu zikagawiwa. Avelina alipewa zake, mara ya kwanza hapo Matai tangu awe mwenyekiti. Alipokuwa nyuma ya pazia alisimama muda mrefu kuliko ilivyozoeleka, kwa sababu alikuwa ameona jambo lingine. Hata hindi hili analolitia lilikuwa linakubali kwamba swali lile ni la kuulizwa. Alilitia, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumrudisha mtu leo. Mahindi yalishinda, na Isdori alitoka nje kabla ya matokeo, hakuna aliyejua alitia nini. Avelina alileta hoja nyingine palepale: kwamba kuanzia leo jina la mtu lisiingie kibuyuni. Teodori alisema hoja hiyo inahitaji kutolewa taarifa kikao kimoja kabla ya kupigiwa kura. Kanuni ilisema hivyo kweli. Ikaahirishwa.

Siku iliyofuata Avelina na Valerian walikwenda Sumbawanga. Walimkuta Kristiana ghalani, akila kiporo cha viazi na wenzake. Walimwamkia, na Avelina akamweleza yote, isipokuwa nani aliyesimama kwanza, maana hilo aliona si la kwake kusema.

"Mmepiga kura tena," alisema Kristiana.

"Ndiyo, mama."

"Na wapo walionikataa tena."

"Wapo. Si wengi."

"Radi haijaisha, Avelina. Masika yanakuja. Ikimpiga mwingine, mtaniuliza tena kibuyuni?"

Avelina alitaka kusema hapana. "Sijui, mama," alisema. "Nimepeleka hoja jina la mtu lisipigiwe kura tena. Haijapita."

Kristiana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu na kuona ndiyo hiyo. Kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni tangu walipofika, hajaingia wala hajatoka.

"Na wewe mbona huongei?"

Valerian aliingia akachuchumaa mbele ya mama yake, katikati ya wanawake wale wote. "Mara ya kwanza nilitia haragwe, mama. Mimi."

Wanawake waliacha kula. Kristiana hakushtuka. Avelina alielewa, kwa uchungu, kwamba mama huyu alikuwa amejua siku zote. Kutoka benchi la mbele aliona namna mwanawe alivyotoka nyuma ya pazia.

"Uliniogopa?"

"Hapana, mama. Niliogopa watu. Duka lilikuwa limekufa. Watoto walikuwa wanapigwa shuleni."

"Na jana?"

"Jana nilitia hindi."

"Kwa sababu unanijua, au kwa sababu uliona aibu?"

Avelina aliomba kimoyomoyo kijana aseme anamjua. Machozi yalimdondokea Valerian kwenye mikono.

"Aibu, mama."

Kristiana alijipangusa mikono kwenye kitenge, akaegemea bega la mwanawe akasimama, na magoti yake yakalia.

"Heri umesema kweli. Hiyo ya kunijua itakuja tukikaa," alisema. "Beba mzigo wangu, twende nyumbani."